Joto Lililojificha Pajani

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, simu za wauza nyama wa Nairobi hazilali. Dubai, Doha, Kuwait na Jeddah wote wanataka nyama ya mbuzi, na wanaitaka mbichi, iliyopozwa na si iliyogandishwa. Nyama iliyogandishwa ya namna nyingine wanayo tele. Huwafikia kwa meli kutoka Brazil na India ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na bei yake ni ya chini mno hata mtu mwenye akili zake hawezi kupandisha yake kwenye ndege aende kushindana nayo. Kinacholipa nauli ya ndege ni upya. Mbuzi aliyechinjwa Kenya juzi, leo yuko buchani Deira, mtaa wa Dubai: huyo ndiye mwenye soko.

Mfanyabiashara mmoja, jina lake tuliache, alikuwa akipeleka Dubai mbuzi 300 kwa safari, na mnunuzi wake hakuwahi kulalamika. Mfungo ulipokaribia akaombwa 500. Nafasi kwenye ndege ilipatikana, mbuzi wakaletwa kutoka Kajiado, machinjio yakakubali kuongeza zamu ya usiku. Kilichobaki vilevile ni chumba cha baridi.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo mali ilipopotea, ingawa mwenyewe alikuja kujua baadaye sana.

Mbuzi anapochinjwa, mwili wake una joto la nyuzi 39 hivi. Akishachunwa, nje hupoa upesi. Ukimgusa mbavuni baada ya saa chache utaapa kwamba yuko tayari. Lakini paja ni nene, na joto lililo karibu na mfupa halina njia ya kutoka ila kupitia nyama yote iliyolizunguka. Hutoka polepole, na hutoka iwapo tu kuna hewa baridi inayopita nje kulipokea. Ndiyo sababu mbuzi hutundikwa kwenye reli kwa kuachiana nafasi, asigusane na mwenzake. Usiku ule walitundikwa 500 mahali pa 300, paja kwa paja, bega kwa bega, kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Feni zilivuma usiku kucha. Hewa ilipita juu yao na pembeni mwao, katikati haikufika.

Alfajiri binti anayekagua ubora alichoma sindano ya kipimajoto kwenye paja la mbuzi wa safu ya katikati, akaisukuma mpaka ncha ikakaribia mfupa. Ikasoma 16. Akampima na wa karibu na mlango: 5.

"Bosi, hawa wa katikati hawajapoa," alisema. "Tuwaache mpaka kesho."

"Dada yangu, si chumba kinasoma 2?" Bosi alimwonyesha kipimo cha ukutani kando ya mlango, na kweli kilisoma 2. "Ndege ni ya leo. Watapoa njiani."

Kipimo cha ukutani hakikudanganya. Kilikuwa kinapima hewa, na hewa ilikuwa nyuzi 2. Wanaokula Dubai hawali hewa.

Na huko njiani, nani angewapoza? Lori la friji limeundwa kutunza baridi ya mzigo uliokwisha kupoa. Kuondoa joto la tani tano za nyama si kazi yake. Tumbo la ndege ya abiria si friji. Baadhi ya vyumba vya mizigo joto lake hurekebishwa na rubani, vingine huachwa vilivyo, na hakuna hata kimoja kilichojengwa kupoza paja la mbuzi. Lile blanketi la foili ambalo watu hulilipia pesa nyingi nalo halizalishi baridi. Huzuia joto lisipite, liwe linaingia au linatoka. Ukilifunika juu ya nyama yenye joto, umelifungia joto ndani kwa gharama yako mwenyewe.

Barafu kavu je? Kwa samaki walioganda, sawa. Nyama mbichi haitaki kitu chenye nyuzi 78 chini ya sifuri: panapoguswa panaganda na kuharibika, na kiini kinabaki na joto lake. Tena barafu hiyo haiwi maji, huwa gesi ya kaboni dioksidi inayofukuza hewa safi, ndiyo maana huorodheshwa miongoni mwa mizigo hatari na kila ndege ina kikomo chake cha kilo.

Wapo pia wanaodhani dawa ni kufungulia baridi yote mara tu mnyama anapochunwa. Mbuzi ni mdogo na hana mafuta mengi ya kumkinga. Misuli yake ikishuka chini ya nyuzi 10 katika saa kumi za mwanzo hivi, kabla haijakamilisha mabadiliko yake ya asili, hujikunja na kukakamaa, na nyama hiyo hata uichemshe kutwa haitatafunika vizuri. Kupoza mbuzi kunataka nafasi na muda. Yule bwana alikosa vyote viwili, na mzigo wake ulishauzwa.

Basi wakafungwa shashi, wakapakiwa. Kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, karatasi zilikaguliwa: cheti cha daktari wa mifugo, cheti cha halali, hati ya mzigo wa ndege. Kila muhuri mahali pake. Ndege ikachelewa saa tatu, paleti zikakaa juani kando yake. Hapo ndipo bosi alipopata wa kumlaumu.

Safari ya saa tano hivi iliisha, paleti zikafunguliwa Dubai, shashi zikakutwa zimelowa. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi huacha maji juu yake, na nyama iliyotoka jasho hivyo ni shamba la bakteria. Mkaguzi alitoa sindano yake, akaenda moja kwa moja pajani. 14. Alipopasua karibu na mfupa, harufu ya uchachu ikatangulia kisu. Mbuzi waliotoka karibu na mlango walikuwa wazima kabisa, lakini shehena ni moja na cheti ni kimoja. Hakuna aliyekuwa tayari kukaa kuchambua mapaja 1,000. Yote ikakataliwa. Bosi akapiga simu: basi wagandishwe, wauzwe kwa bei ya chini. Akajibiwa kwamba cheti kinasema nyama iliyopozwa, na tena kuganda husimamisha bakteria tu, hakurudishi kilichokwisha kuharibika.

Akageukia madai. Hapo alijua njia. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu usafiri wa ndege wa kimataifa, unampa mpokea mzigo siku 14 kulalamika kwa maandishi, akahakikisha malalamiko yamefika mapema. Kikomo cha fidia ya mzigo, kilichopandishwa mwishoni mwa 2024 hadi SDR 26 kwa kilo (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), kipo juu ya bei ya nyama ya mbuzi, kwa hiyo alijihesabia kulipwa chote. Kilichompitia ni kifungu cha 18: mchukuzi hawajibiki akithibitisha kwamba uharibifu umetokana na kasoro iliyokuwa ndani ya mzigo wenyewe. Uthibitisho huo mchukuzi alipewa na bosi mwenyewe. Ndani ya paleti moja alikuwa ameweka kirekodi joto, kwa nia ya kuwabana wenye ndege wakizembea. Kiliposomwa kikaonyesha nyuzi 12 lori lilipofungwa mlango, na nyuzi 1 tu iliyoongezeka katika zile saa tatu za juani. Kifaa alichonunua kumshtaki mchukuzi kikawa shahidi wa mchukuzi.

Tusimwonee sana. Wauzaji wengi wangefanya alivyofanya, mnunuzi akiwa anapiga simu kila nusu saa na mshindani akiwa tayari kuchukua nafasi. Hata mnunuzi, alipoongeza mbuzi 200, hakuuliza watalala wapi usiku ule.

Sasa anauliza. Baada ya Idi alirudi kununua, kwa masharti: kila shehena iambatane na joto la paja la mbuzi watano, wa katikati na si wa mlangoni, limeandikwa na kutiwa saini na yule binti kabla lori halijatoka. Na oda ikizidi 300, igawanywe kwa ndege mbili, za siku mbili tofauti.