Mganga Hajigangi

Mganga hajigangi, ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Na mjini siku hizi mganga mkuu ni mwanasayansi. Yeye ndiye anayetuambia maji gani yanywewe, homa gani ina tiba na ipi haina. Kazi yake ni kupima. Asichokipima hakisemi. Haya basi, msomaji wangu, nauliza: mtu huyu akiugua, si malaria wala pumu, akiugua moyoni, aende wapi? Na akiponea mahali ambapo vipimo vyake haviingii, akirudi kazini atuambie nini sisi tunaomsikiliza?

Swali hili lina mtu aliyelipitia kwa miguu yake. Monica Gagliano ni mzaliwa wa Italia aliyejenga usomi wake Australia, akawa mtaalamu wa viumbe vya baharini. Aliwachunguza samaki wadogo wa matumbawe kule Great Barrier Reef. Alizamia kwao siku baada ya siku mpaka wakamzoea, wakawa wanaingia na kutoka viganjani mwake bila wasiwasi. Utafiti ukafika mwisho, na utaratibu ulitaka samaki wauawe na kupasuliwa ili takwimu zikamilike. Anasimulia kwamba siku hiyo hawakumjia. Walijificha. Yeye akaona wamejua.

Mwenzangu wa sayansi ataniambia, acha bwana, hiyo ni bahati tu, samaki nao wana siku zao. Sawa, sibishi. Lakini hebu tuangalie jambo lenyewe liko wapi. Haliko kwenye kujua au kutojua kwa samaki. Liko kwenye mkono. Mkono ule ule waliouamini ndio uliokuja kuwaua. Hilo halihitaji darubini. Mama huyu aliumia, akaamua kwamba hataua tena kwa ajili ya utafiti, akaiacha njia iliyomlisha na kumpa jina, akahamia kwenye mimea.

Hapo ndipo hadithi inapowachefua wasomi. Gagliano alianza kuota ndoto, akazifuata ndoto hizo mpaka Peru, katika misitu ya Amazon, kwa waganga wa jadi. Huko ipo desturi ambayo kwa Kiswahili chetu tungeiita kukaa miiko. Unakaa peke yako kibandani. Chumvi hakuna, sukari hakuna, mapenzi hakuna, soga hakuna. Unakunywa dawa ya magome au mizizi ya mti mmoja, na mganga anakuangalia na kukuimbia. Kwa imani yao mti ule ni mwalimu, na somo lake huja ndotoni. Sisi hatuna sababu ya kushangaa sana. Nani kati yetu hajasikia kwao dawa yenye miiko, dawa isiyochimbwa kabla ya kuombwa?

Alirudi maabara. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha jaribio juu ya mmea tunaoujua wote, ule ambao watoto wanaugusa ukasinyaa: kifauongo. Waliuangusha kutoka sentimita 15 juu ya kitu laini, tena na tena. Mwanzoni ulifumba majani. Baadaye, kwa kuwa mwanguko ule haukuudhuru, ukaacha kufumba. Na baada ya siku 28 bila kuguswa, ulikuwa bado haujasahau. Mwaka 2016 likaja jaribio la njegere, lililodai kwamba mche unaweza kujifunza kufuata upepo wa feni kama dalili ya upande ambao mwanga utatokea. Kisha mwaka 2018 akatoa kitabu, Thus Spoke the Plant, akaeleza bila kificho kwamba mimea yenyewe imekuwa mwalimu wake, hata katika kazi za maabara.

Mwaka 2020 mtafiti mwingine, Kasey Markel, akalirudia jaribio la njegere kwa mimea mingi zaidi. Hakuyapata matokeo yale.

Sasa kijiweni pakachemka. Kundi la kwanza linasema, mnaona? Njegere zimemuumbua, kwa hiyo mambo ya msituni yote ni porojo. Kundi la pili linasema, nyie wazungu weusi hamuelewi, mama wa watu kapona, kwa hiyo njegere zinajifunza, basi. Mimi nasema makundi yote mawili yamefanya kosa moja. Yamechukua kesi mbili na kuziita moja.

Kesi ya njegere shahidi wake ni mtu mwingine. Mtu asiyekupenda, asiyeota ndoto zako, akae chumbani kwake, apande mbegu, awashe feni, aone. Asipoona, dai lako linabaki na deni, hata kama umekaa miiko mwaka mzima. Kupona kwako hakulipi deni hilo.

Kesi ya jeraha shahidi wake ni mwenendo. Gagliano baharini alikuwa mpimaji, na samaki ndio waliopimwa. Kibandani mambo yalipinduka. Hana daftari la takwimu, hana kisu, ananjaa, na sasa mti ndio unaompima yeye. Nadhani dawa ilikuwa hapo hapo. Mtu aliyezoea kuwa juu ya kila kiumbe alikubali kukaa chini ya mmoja. Kama kweli alipona, tusitafute ushahidi kwenye njegere. Tutazame namna anavyouliza maswali yake sasa. Kifauongo kiliangushwa juu ya kitu laini, kikaulizwa, kikaachwa hai. Swali linaweza kuulizwa bila kuua. Tiba ilimbadilisha mkono. Haikumpa ruhusa ya kutohojiwa.

Utanijibu, lakini dawa za mitishamba si zimethibitishwa na maabara? Ndiyo, zipo. Tu Youyou wa China alisoma kitabu cha tiba cha karne ya 4 kilichoagiza mmea uloweshwe na kukamuliwa, akatambua kwamba moto unaiharibu dawa, na mwaka 1971 akapata kitu kilichoua vijidudu vya malaria. Yeye na wenzake wakakinywa wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Akatunukiwa Nobel mwaka 2015, na dawa ya mseto tunayomeza hapa Afrika Mashariki ina asili yake pale. Huo ndio uganga wa mwili. Lazima upite kwenye mlango wa vipimo, kwa sababu mwili wa mgonjwa si mahali pa kujaribia imani ya mtu.

Tusipoitenganisha milango hii, watu wanakufa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, shilingi 500. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Faraja wengi waliipata, na simcheki aliyeipata. Kukaa pamoja na wagonjwa wenzako, tajiri na maskini kikombe kimoja bei moja, hiyo peke yake ni dawa ya kitu fulani. Lakini kirusi hakijui kama umefarijika. Kinajua vidonge ulivyoviacha nyumbani.

Sisi vijana wa mjini tuna aibu mbili. Mbele ya wasomi tunaona aibu kusema kwamba bibi alitufukiza majani tukatulia. Mbele ya watu wa asili tunaona aibu kuuliza, samahani bibi, tumejuaje kwamba majani haya yanatibu figo? Aibu zote mbili ni za woga. Mtu mzima anaweza kupiga magoti mbele ya mti asubuhi na jioni akadai takwimu, ilimradi asichukue unyenyekevu wa asubuhi akaufanya risiti ya madai ya jioni.

Hili ni gumu, najua. Anayeponea msituni hutaka kila alichokiona kule kiwe kweli kila mahali, maana amelipa kwa njaa na machozi. Kumwambia "hiki chukua, hiki kathibitishe" ni kama kumpunguzia. Mimi sioni hivyo. Naona ni kumheshimu mara mbili, kama mgonjwa aliyepona na kama mwanasayansi anayestahili kubishiwa.

Mwenye kubisha kalamu anayo. Aandike.