JE, NI KUKOSA IMANI KUJENGA NYUMBA YA UZEE?



Katika mkutano mmoja wa wazee na vijana, kijana wetu alisimama akauliza swali lililotunyamazisha sote. Alisema: «Papa zetu, mnatufundisha kwamba sisi ni wasafiri duniani. Basi, kwa nini mtu akikaribia pansio anawaza matofali kuliko sala?» Siku ile hakuna aliyemjibu. Wengine walicheka, wengine walitazama chini. Nimechukua kalamu leo ili nijaribu kumjibu, sababu swali lake halikuwa la utani, na mimi ni mmoja wa wale aliowaonyesha kidole.

1. Tulivyozoea nyumba ya mwingine

Sisi wa Katanga tuna historia yetu katika jambo hili. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua vijana kwa mkataba mfupi, kisha ikawarudisha kwao. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili mpango: ikataka mfanyakazi akae pamoja na mke na watoto karibu na kazi. Ndivyo yalivyokua makambi ya wafanyakazi, na nyumba, na posho ya chakula, na hospitali, na shule. Kampuni ikawa mali ya taifa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ile ikaendelea. Wengi walisema kwamba kampuni ndiyo baba, tena ndiyo mama.

Mtoto aliyelelewa hivyo hakuona baba yake akinunua hata bati moja. Taa ikizimika, aliitwa mtu wa kampuni. Mlango ukivunjika, aliitwa mtu wa kampuni. Kisha nguvu za kampuni zikapungua, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuondoka katika mpango wa kutoka kwa hiari, uliogharimiwa na fedha za Benki ya Dunia. Kila mmoja alipewa fedha mara moja, akaambiwa kwaheri. Watu wenye mvi wakaanza kuuliza bei ya simenti kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Siandiki hivi ili nimlaumu mtu. Naandika ili kijana wetu aelewe: mzee anayewaza matofali usiku, mara nyingi si mwenye kupenda dunia. Ni mwenye hofu. Na hofu hiyo tuipime kwa Neno la Mungu, tusiicheke.

2. Sauti tatu zinazotuzuia

Sauti ya kwanza inasema: «Kumbuka tajiri mpumbavu wa Luka 12, aliyejenga ghala, akafa usiku uleule.» Ni kweli. Lakini tusome vizuri. Mtu yule hakuhukumiwa kwa sababu alijenga. Yosefu naye alijenga ghala Misri, akaokoa mataifa. Kosa la tajiri yule ni kwamba katika mazungumzo yake yote hakuna mtu mwingine. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anajialika mwenyewe kula na kunywa. Hakuna mke, hakuna jirani, hakuna mgeni, hakuna Mungu.

Sauti ya pili inasema: «Nyumba ya mzee ni watoto wake. Nimezaa saba, kwa nini nijenge?» Ndugu yangu, ukisema hivyo umemgeuza mtoto kuwa tofali. Paulo aliwaandikia Wakorintho (2 Kor. 12:14) kwamba inafaa wazazi wawawekee watoto akiba, si watoto wawawekee wazazi. Lakini watoto wasishangilie upesi! Katika Marko 7 Bwana Yesu anawakemea wale wanaosema mali yao ni sadaka ya Mungu, ili wasimsaidie baba na mama. Basi pande zote mbili zina deni. Mzazi asimbebeshe mtoto mzigo ambao angeweza kuubeba mwenyewe, na mtoto asimwache mzazi kwa maneno ya dini.

Sauti ya tatu ni nzito zaidi. Inasema: «Papa Simon Kimbangu alikaa gerezani tangu 1921, akafia Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, kisha miaka 30 ya kifungo. Hakuwa na nyumba ya uzee. Wewe ni nani hata uitafute?» Mbele ya neno hili ninavua viatu. Lakini nakumbuka jambo moja. Yeye hakuchagua gereza kwa kudharau nyumba, alinyang'anywa nyumba. Na miaka ile yote, Mama Marie Muilu alibaki kule kwao, akawalea watoto, akawatunza kwa siri waaminifu walioteswa. Basi mateso ya mmoja hayakuifanya nyumba kuwa bure. Yalionyesha nyumba inatumika kwa nini.

3. Kosa langu mwenyewe

Sasa niseme la kwangu, sababu asiyejifunua hana haki ya kuwafundisha wengine.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mnakumbuka fedha ilivyokuwa. Mwezi wa Oktoba 1993 ilitoka zaire mpya, moja kwa zaire milioni tatu za zamani, na hiyo mpya nayo ikaanza kuyeyuka mkononi. Mwenye mshahara hakuuweka; alikimbia nao sokoni siku ileile akanunua kitu kisichooza. Mimi nilinunua simenti. Mwezi kwa mwezi nilipanga mifuko katika chumba cha nyuma, hata ikafika arobaini. Niliihesabu kila jioni kabla ya sala, na nadhani Mungu alijua nilikuwa namwomba nani.

Mwaka ule binti yangu wa tatu alifukuzwa shuleni kwa sababu ya minervali. Alikuwa darasa la tano la sekondari. Mama yake aliniambia: «Uza mifuko kumi tu.» Nikajibu: «Mwanamke, hii ni nyumba ya uzee wetu. Mtoto atangoja mwaka ujao.» Sikuuza hata mmoja. Kisha mvua za Novemba zikaingia. Paa la chumba kile lilivuja mahali nisipoona, na maji yakapita chini ya mifuko. Nilipokuja kuichukua kwa kazi, zaidi ya nusu ilikuwa mawe. Na binti yangu hakurudi shuleni mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Aliolewa bila diploma.

Nilimaliza nyumba, miaka mingi baadaye. Jiwe moja la simenti ile, lenye alama za mikunjo ya mfuko bado, fundi aliliweka mlangoni kuwa ngazi. Kila siku nalikanyaga.

4. Swali la kweli: nani analipa?

Tangu hapo nimeelewa kwamba kijana wetu aliuliza swali jema, lakini si la mwisho. Kujenga au kutojenga si kiini. Swali ambalo Mungu anauliza ni hili: nyumba hii inalipwa na nani? Sababu kila nyumba inalipwa mara mbili, kwa fedha na kwa watu. Yeremia 22:13 inatamka ole juu ya mtu anayejenga nyumba yake bila haki, akimtumikisha mwenzake bila kumlipa. Haisemi nyumba ni mbaya. Inauliza jasho ni la nani.

Basi kila anayetaka kujenga ajipime mbele za Bwana:

— Je, mtoto wangu analipa kwa masomo yake?
— Je, mama wa nyumba analipa kwa afya yake, akiuza sokoni tangu alfajiri ili mimi ninunue mabati?
— Je, fundi na kijana wa kubeba maji wamepata malipo yao jioni, au nimewaambia «kesho» mpaka wamechoka kuja?
— Je, ndugu yangu mgonjwa alikufa wakati fedha yangu ililala ukutani?
— Je, pori linalipa? Matofali yetu ya kuchoma yanataka kuni nyingi, na miti kuzunguka Lubumbashi imekwisha kwa makaa na kwa matanuru. Mwenye kukata apande.

Ukijibu maswali haya na dhamiri ikanyamaza kwa amani, jenga, ndugu yangu, tena jenga kwa furaha. Yeremia huyohuyo, katika sura ya 29, aliwaandikia waliohamishwa Babeli kwamba wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Nao pia walikuwa wasafiri.

5. Namna ya kujenga kwa akili

Bwana Yesu alisema katika Luka 14 juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu gharama. Wengi wetu tunasimama kwanza, halafu tunahesabu. Nimeona katika mtaa wetu kuta za vyumba sita zilizoota majani, sababu mwenye nyumba alitumia fedha yote ya pansio mpaka kwenye linta, akakosa ya paa. Nimeona pia mjane aliyejenga vyumba viwili kwa kiangazi sita. Mwaka mmoja matofali, mwaka mwingine msingi, mwaka mwingine kuta. Leo mjane analala pakavu, na yule wa vyumba sita bado anapanga.

Kwetu Katanga mvua inaanza karibu na Novemba na kuendelea mpaka Machi au Aprili. Basi tofali lifyatuliwe na kuchomwa wakati wa kiangazi, na ukuta usiachwe bila paa mvua ikija. Usinunue simenti kabla ya siku yake. Mmesikia habari yangu.

Tena, jenga kwa mwili utakaokuwa nao, si kwa mwili ulio nao. Leo unaruka mtaro. Kesho utashika ukuta. Mlango uwe mpana, ngazi ziwe chache, choo kisiwe mbali, kisima kiwe mbali na choo na kiwe na kifuniko. Torati iliamuru paa la nyumba liwekwe ukingo, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya mwenye nyumba (Kumb. 22:8). Kama Mungu aliwaza ukingo wa paa, hadharau kifuniko cha kisima.

Na usisahau chumba cha mwingine. Mwanamke wa Shunemu alimtengenezea Elisha chumba kidogo, na kitanda, na meza, na kiti, na taa (2 Fal. 4:10). Vitu vinne tu! Nyumba ya mzee isiyo na kitanda cha mgeni ni ghala la yule tajiri.

6. Nyumba isiwe vita

Jambo la mwisho: karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia. Karatasi ya kununua peke yake, hata na mashahidi, haitoshi. Tafuta hati ya kuandikishwa ungali na nguvu ya kupanga mstari ofisini.

Vilevile, Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inawapa watoto robo tatu za urithi, tena inamlinda mjane: ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Lakini ni mara ngapi tumeona, maziko hayajaisha, ndugu wa marehemu wanabadili kufuli? Hata watu wanaoshika Biblia! Ninyi mnaofanya hivyo, mnakula nyumba za wajane, na Bwana alikwisha kusema juu ya hilo. Na wewe mume uliye hai, mwonyeshe mke wako mahali karatasi zilipo. Andika mapenzi yako mbele ya mashahidi. Kuandika si kuita kifo.

Kwa kumaliza

Kijana wangu, jibu langu ndilo hili. Mzee anayejenga kwa sababu haamini kwamba Mungu atakuwako kesho, huyo amekosa imani. Mzee asiyejenga kitu akisema Mungu atajua, huku anajua moyoni kwamba ni wewe utakayelipa, huyo naye amekosa upendo. Lakini anayejenga kidogo kidogo, kwa jasho lake, bila kumwibia mtoto, mke wala fundi, na akaacha mlango wazi, huyo hajaacha sala. Anaifanya kwa mikono.

Mwaka uliopita nilimwita binti yangu, mbele ya mama yake, nikamwomba msamaha. Yeye sasa ni mjane, anakaa nami pamoja na watoto wake katika chumba cha nyuma, naye ndiye anayenichotea maji. Alinyamaza kidogo, akatazama jiwe la mlangoni, akasema: «Papa, ile ni minervali yangu. Angalau tunaipandia wote.» Kisha akacheka, na mimi nikalia.

Wajukuu wale wako shuleni. Mwezi huu nilitaka kupaka rangi ukuta wa mbele. Ukuta utangoja mwaka ujao.

Mungu wa amani awape nyumba iliyo na haki ndani yake. Amina.