Uaminifu wa Chuma

Neno amana lina jamaa wengi katika lugha yetu. Amini, imani, aminika, mwaminifu na amani, yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na hadi leo bado yanajuana. Zamani, mtu aliyesafiri na kusi kwenda Maskati alimwachia jirani yake dhahabu za mkewe. Siku aliporudi na kaskazi akazikuta kamili, jirani yule aliitwa mwaminifu. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuzila na asizile. Asiyeweza kukhini hasifiwi kwa kutokukhini. Kisanduku kilichohifadhi dhahabu zile hapana aliyekishukuru.

Ndiyo maana mfasiri husita akutanapo na vitabu vya silaha. Humo, sifa kubwa kuliko zote ambayo Waingereza na Wamarekani huipa bastola ni ile ambayo kamusi zetu hututaka tuiite “ya kuaminika”. Wajuzi wa fani hiyo wana ubishi wao wa siku nyingi: je, ipi ya kuaminika zaidi, bastola ya kale au ya kisasa? Ubishi huo una maana yake ya kiufundi, nami nitaueleza kwanza kwa kadiri ya haki yake. Lakini chini yake limelala suala jengine, la kimaadili: tunapokisifu chuma kwa uaminifu, ni nani tunayempunguzia jukumu?

Tutazame siku mbili. Tarehe 30 Januari 1835, mjini Washington, mpaka rangi mmoja aitwaye Richard Lawrence alimkabili Rais Andrew Jackson wa Marekani nje ya jengo la Bunge, akamwelekezea bastola kutoka karibu kabisa. Fataki ililia, baruti haikuwaka. Akatoa bastola ya pili. Nayo fataki ikalia, baruti isiwake. Baadaye bastola zote mbili zilijaribiwa, na zote zikafyatuka vyema. Yamkini unyevu wa siku ile ndio uliozizima. Sisi watu wa visiwani tunajua namna hewa ya chumvi na mvua inavyokila kila kitu. Lawrence alikuwa mgonjwa wa akili, akijidhania kuwa mfalme wa Uingereza. Mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu hiyo, naye akaishi chini ya ulinzi na matunzo hadi alipofariki mwaka 1861. Bastola mbili zilizogoma ziliokoa roho ya aliyelengwa, na zikamwokoa aliyelenga asiwe muuaji.

Miaka 113 baadaye, tarehe ile ile ya 30 Januari, mwaka 1948, Mahatma Gandhi alikuwa akitembea bustanini mjini Delhi kwenda kwenye sala ya jioni. Nathuram Godse alimsogelea na bastola ya Kiitaliano aina ya Beretta ya mwaka 1934. Alifyatua mara tatu, na mara zote tatu risasi ilitoka. Kwa kipimo cha wajuzi, bastola ile ilikuwa ya kuaminika. Lakini iliaminika na nani?

Baina ya siku hizo mbili mna historia ndefu ya ufundi. Mwaka 1836 Samuel Colt alipata hataza ya Marekani ya bastola yake ya silinda inayozunguka. Mashimo kadhaa ya risasi yalikusanywa katika silinda moja, na risasi moja ikigoma, shimo jengine hufuata. Baadaye ilikuja risasi ya ganda la madini, ambamo fataki, baruti na kipande cha risasi vyote vimefungwa pamoja mbali na unyevu. Pengine mageuzi hayo ya risasi yaliponya maradhi mengi kuliko mageuzi ya bastola yenyewe. Mwezi Machi 1911, jeshi la Marekani lilizishindanisha bastola mbili kwa kufyatua risasi 6,000 kwa kila moja; ikipata moto ilitumbukizwa majini ipoe. Ile ya kampuni ya Savage ilikwama mara 37. Ile ya Colt, iliyobuniwa na John Browning, haikukwama hata mara moja, ikachukuliwa na jeshi na kutumika kama bastola yake rasmi hadi mwaka 1985. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, jeshi la Austria lilipotafuta bastola mpya, lilishurutisha kwamba katika risasi 10,000 isikwame zaidi ya mara 20. Aliyeshinda ni Gaston Glock, mtu ambaye kabla ya hapo hakuwa ametengeneza bastola. Yake ilikuwa na kiunzi cha plastiki na vipande vichache, na jeshi likaipokea mwaka 1982.

Lakini uaminifu huu wa chuma una pande mbili, na aghalabu msomaji huonyeshwa mmoja tu. Upande wa kwanza ni kufyatuka inapotakiwa. Wa pili ni kutulia isipotakiwa. Bastola mashuhuri ya Colt ya mwaka 1873, ile tunayoiona katika filamu za wachunga ng'ombe, ilikuwa hodari upande wa kwanza na dhaifu upande wa pili. Ncha ya nyundo yake ililalia kitako cha risasi, na ikianguka au kugongwa huweza kulia yenyewe. Waangalifu wakatia risasi tano katika mashimo sita, wakaiacha nyundo juu ya shimo tupu. Usalama wao haukuwa katika chuma. Ulikuwa katika busara ya kuacha pengo. Waundaji wa baadaye walitia kipande baina ya nyundo na pini, kisichopanda mpaka kifyatulio kivutwe. Hata hivyo usasa peke yake si dhamana. Mwaka 2017 ilibainika kwamba SIG Sauer P320, bastola mpya kabisa, huweza kulia ikianguka kwa pembe fulani, na mtengenezaji akajitolea kuvibadilisha baadhi ya vipande vyake.

Basi tukihukumu kwa ufundi mtupu, tutasema hivi: bastola ya kisasa iliyoundwa vizuri na kutiwa risasi nzuri huishinda ya kale kwa pande zote mbili, ingawa ya kale iliyotunzwa haina aibu. Hapo mjuzi wa silaha hufunga kitabu. Mimi naona hapo ndipo pa kukifungua.

Tazama kilichopotea katika safari hiyo. Bastola ya Browning ya 1911 ina kizuizi cha kusukuma kwa kidole gumba, na kizuizi cha pili nyuma ya mpini kinachotaka kiganja kiubane. Mpigaji hutakiwa aseme ndiyo zaidi ya mara moja. Bastola ya Glock haina kizuizi cha gumba. Vizuizi vyake vyote hufunguka kwa mvuto ule ule mmoja wa kifyatulio. Hapana shaka kwamba ni ufundi mkubwa. Lakini maana yake ni kwamba uamuzi wote, tangu mwanzo hadi mwisho, sasa umekaa katika kidole kimoja cha shahada. Chuma kimetolewa katika mashauri. Kazi yake ni kutii tu. Kadiri bastola inavyozidi kutii, ndivyo amana inavyozidi kumlemea mtu aliyeishika, naye hakuongezewa chochote katika akili wala katika subira yake.

Waona sasa kwamba uaminifu na utiifu ni vitu viwili. Mwaminifu huweza kukataa. Jirani mwema aliyewekewa jambia na mtu mwenye hasira, kisha mwenyewe akaja usiku kulitaka huku macho yamemwiva, hutimiza amana kwa kutolitoa. Atamwambia: lala, njoo kesho. Bastola haina kesho. Ilimtii Godse kama ambavyo ingemtii mlinzi wa Gandhi. Kifaa kinachomtumikia kila mtu kwa namna moja hakijamwamini mtu wala hakijaaminiwa, kimeshikwa tu.

Pahali ambapo jambo hili huuma zaidi si vitani wala katika mauaji ya viongozi, ni nyumbani. Nchini Marekani, ambako bastola zimejaa majumbani, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa silaha za moto ni watu waliojiua. Anayejaribu kwa silaha hiyo hufa takriban mara tisa katika kumi. Ilhali wengi wa waliojaribu kwa njia nyengine wakaokoka hawakufa kwa kujiua baadaye. Giza lao lilipita, wakaishi. Majuto ni mjukuu, tunasema, na mjukuu huhitaji muda wa kuzaliwa. Kifaa kisichokwama kamwe humnyima mtu muda huo. Ile sifa ambayo katika kitabu huitwa uaminifu, chumbani mwa kijana aliyekata tamaa ni kufunga mlango kabla hajageuka.

Nitaulizwa: je, wataka askari apewe bastola mbovu? Je, mwanamke anayevamiwa usiku aombee silaha yake ikwame? La, hasha. Bastola mbovu si bastola yenye huruma. Ile inayogoma leo mbele ya asiye na hatia itagoma kesho mkononi mwa anayemtetea. Na ile iliyolegea huweza kulia mfukoni na kumwua mtoto. Jackson aliokoka kwa unyevu, na unyevu hauna maadili. Hatuwezi kujenga haki juu ya bahati, na sitaki mtu yeyote atamani kurudi kwenye fataki na baruti ya kumimina. Ninachokataa ni hesabu ya uwongo, ile inayodhani kwamba silaha ikiwa bora, basi usalama umepatikana.

Kwani kugoma kumetoka katika chuma, na hakukurejeshwa pahali pengine kwa nguvu za kutosha. Chuma hupimwa kwa risasi 6,000 au 10,000, hutumbukizwa majini, huangushwa, huhesabiwa kila kosa. Mtu atakayekishika hupimwa kwa nini? Aghalabu kwa karatasi na saini. Kama ile “la” haimo tena katika bastola, basi lazima iwemo katika kabati lenye kufuli, katika ufunguo uliowekwa kwa mtu mwengine, katika siku za kungoja kabla ya kuuziwa, katika askari aliyefundishwa kuiweka chini kama alivyofundishwa kuiinua, na katika rafiki anayethubutu kusema: nipe nikuwekee mpaka hali itulie. Hayo yote hucheleweshwa na kudharauliwa kama bughudha kwa mwenye silaha. Kwa hakika ndiyo warithi wa lile shimo tupu la wale waangalifu wa mwaka 1873.

Kwa upande wangu, kazi yangu ni maneno, na neno ni silaha ndogo lakini si haba. Nikikutana tena na sifa ile katika kitabu cha Kiingereza, nitaandika “bastola isiyokwama”. Tafsiri hiyo ni sahihi, haipunguzi kitu katika ufundi wa Browning wala wa Glock, na mwenye kuisoma ataelewa anachopewa. Neno mwaminifu nitaliacha lilipokuwa tangu asili, kwa yule ambaye angeweza kufyatua na asifyatue.