Msomaji Akipewa Kalamu



Zamani kuandika na kusoma zilikuwa kazi mbili, na katikati yake alisimama mtu mmoja, naye ni mhariri. Mtu aliyetaka kusema neno mbele ya watu wengi alipeleka barua. Mhariri akaisoma, akaipima, akaikata palipozidi, au akaitia sandukuni isionekane tena. Wengi walinung'unika kwa sababu hiyo, na pengine walikuwa na haki, maana si kila mhariri ni mwenye hekima. Walakini jambo moja lilikuwa wazi: neno likiisha kupigwa chapa, lilikuwa na mwenyewe. Mtu aliyesingiziwa alijua mlango wa kubisha hodi.

Siku hizi katika mtandao mlango huo hauonekani upesi. Mwenye simu mkononi ni msomaji, tena ni mwandishi, tena ni mpiga chapa, tena ni mchukuzi wa gazeti, na kazi hizo zote huzifanya kwa kidole kimoja, naye ameketi kitandani. Basi nataka tuulize swali moja tu: neno likiisha kuandikwa na wengi, na kusahihishwa na wengi, na kupelekwa na wengi, ni nani atakayejibu kwa ajili yake?

Mambo hayo hayakuanza jana. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyetunga mpango wa mtandao mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi CERN, penye uchunguzi wa sayansi karibu na Geneva, alikusudia tangu mwanzo kwamba anayesoma aweze kuandika pia. Programu yake ya kwanza, ya mwaka 1990, ilikuwa ya kusomea na kuandikia pamoja. Lakini programu zilizoenea baadaye kwa watu zilikuwa za kusomea tu, hata mtandao ukafanana na ubao wa matangazo: wachache wabandika, wengi wasimama na kutazama. Ndipo mwaka 1995 Mmarekani mmoja, Ward Cunningham, akafungua tovuti ambayo msomaji yeyote aliweza kuyageuza maandishi yake papo hapo. Aliiita kwa neno la watu wa Hawaii, wiki, maana yake upesi.

Upesi huo ndio ulioshinda. Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha mwaka 2000 kamusi elezo iliyoitwa Nupedia, ya kuandikwa na wataalamu, na kila makala ilipaswa kupita hatua saba za kukaguliwa. Ilikwenda mwendo wa kobe. Tarehe 15 Januari 2001 wakafungua nyingine kando yake, Wikipedia, ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuandika na kusahihisha. Ile ya wataalamu ilifungwa mwaka 2003. Hii ya watu wote ina makala zaidi ya milioni 6 kwa Kiingereza peke yake, na ile ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imeandikwa na watu wa kujitolea ambao wengi wao hatutawajua kamwe.

Ningekuwa mtu asiye na shukrani kama ningesema kwamba jambo hili ni baya. Katekista aliye mbali na maktaba, akitaka kujua habari za mto au za mfalme wa kale, anazipata kabla chai yake haijapoa. Wala tusidhani kwamba kazi ya wengi ni ya ovyo tu. Mwezi wa Desemba 2005 gazeti la sayansi liitwalo Nature lililinganisha makala 42 za sayansi za Wikipedia na zile za Encyclopaedia Britannica, likahesabu kwa wastani makosa kama 4 katika kila makala ya Wikipedia, na kama 3 katika Britannica. Wenye Britannica waliikataa hesabu hiyo kwa ukali, lakini hata hivyo ni jambo la kushangaza kwamba umati usio na mwalimu uliweza kukaribia hapo.

Lakini katika mwaka huo huo lilitukia jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Palikuwa na mzee mmoja huko Nashville, Marekani, jina lake John Seigenthaler, mwandishi wa magazeti kwa miaka mingi. Mapema katika miaka ya 1960 alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa serikali. Mwaka 1961, huko Montgomery, Alabama, wakati vijana walipopanda mabasi kupinga ubaguzi wa rangi, aliona msichana akishambuliwa na kundi la watu. Akatoka garini kumwokoa, akapigwa kichwani hata akazimia. Robert Kennedy alipouawa mwaka 1968, Seigenthaler alikuwa miongoni mwa waliolichukua jeneza lake.

Mwezi wa Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika katika Wikipedia kwamba mzee huyo aliwahi kudhaniwa kuwa na mkono katika kuuawa kwa John Kennedy na kwa ndugu yake Robert, tena kwamba alikaa miaka mingi katika Urusi ya Kisovieti. Lilikuwa uongo mtupu. Kwa hesabu ya Seigenthaler mwenyewe maneno hayo yalikaa siku 132, na tovuti nyingine mbili zikayanakili. Mwandishi wake alipotafutwa na kujulikana mwezi wa Desemba, kumbe alitaka tu kumfanyia mzaha mwenzake kazini. Hakudhani kwamba mtu angeyasadiki.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 yasema kwamba mwenye tovuti hahesabiwi kuwa ndiye mtoaji wa maneno yaliyowekwa na mtu mwingine. Basi mwenye tovuti hajibu. Mwandishi amejificha nyuma ya namba za kompyuta. Basi naye hajibu, isipokuwa amefichuliwa. Wako wapi waliobaki? Wamebaki wasomaji.

Hapa ndipo fikira zangu zinaposimama. Wanaoitetea njia hiyo husema kwamba macho mengi hulifichua kosa upesi, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Walakini jicho peke yake halisahihishi kitu. Wahenga walisema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini hapa hatari ni ya abiria wengi. Kila mmoja ayaona maji yakiingia, na kila mmoja adhani kwamba mwenzake amekwisha kumwambia nahodha. Sijui kama kati ya waliosoma makala ile alikuwapo mtu aliyemfahamu mzee yule, akashtuka, kisha akafunga ukurasa na kwenda kula chakula chake. Lakini najua jinsi mtu wa namna hiyo anavyofikiri, na nitaeleza mbele kidogo kwa nini najua.

Mtu atasema: mimi nalikwenda kusoma tu, sikwenda kuhukumu. Hapo zamani neno hilo lilikuwa la haki. Mwenye kununua gazeti hakupewa ufunguo wa nyumba ya kupigia chapa. Lakini aliyepewa kalamu, naye akaona uongo juu ya jirani yake, akaiweka kalamu chini, huyo si msomaji tu tena. Ufunguo anao. Walimu wenzangu wa Katekisimo Ndogo wanakumbuka kwamba maelezo ya amri ya nane hayaishii katika kukataza uongo, bali yamtaka mtu amtetee jirani yake.

Tena wapo wanaoandika bila kuandika. Mwaka 2009 Facebook iliweka alama ya kupenda, na mwaka huo huo Twitter ikaweka kitufe cha kurudia neno la mwingine. Tangu hapo kidole kimekuwa mhariri. Lile linalobonyezwa na wengi hupandishwa juu liwafikie wengi zaidi, na lile lisilobonyezwa huzama. Mtu adhani amecheka tu, kumbe amemchagulia jirani yake habari za asubuhi. Na mwenye kupeleka mbele husema, "Sikuandika mimi, nimeletewa." Huko India mwaka 2018 uvumi wa wezi wa watoto ulipelekwa kwa simu namna hiyo, na watu wasio na hatia wakapigwa na makundi hata kufa. Ndipo WhatsApp ikapunguza huko idadi ya watu au makundi ambayo mtu aliweza kuyapelekea ujumbe kwa mara moja, ikawa 5, na mwezi wa Januari 2019 ikaweka mpaka huo duniani kote. Ni jambo jema, lakini kizuizi hicho chapunguza mwendo tu. Mtu wa tano aweza kuwa ndiye mwenye panga.

Nimesema nitaeleza. Mwaka juzi katika kundi la simu la mtaa mmoja, lenye watu zaidi ya 80, palitokea siku ya Ijumaa jioni ujumbe usio na jina la mtungaji, umepelekwa kutoka mahali pengine. Ulisema kwamba mzee mmoja wa kanisa amekula fedha za sadaka ya mavuno. Fedha hizo zilikuwa kwa mhazini, nami najua, kwa maana zilihesabiwa mbele yangu na karatasi nikaitia sahihi. Nalisoma ujumbe ule saa mbili usiku. Nikajiambia kwamba mwenyekiti atajibu. Nikajiambia tena kwamba mchungaji akijitia katika maneno ya simu atayapa uzito yasiyostahili, na neno hilo lilionekana kwangu kuwa la hekima. Jumamosi nalisoma majibu ya watu. Mmoja aliweka alama ya kucheka, wengine wawili wakaweka alama ya kulia, na mwingine akauliza kama ni kweli. Hakuna aliyemjibu. Mimi nalikuwa nikitengeneza mahubiri.

Jumapili yule mzee hakuja kanisani, wala mkewe, na katika miaka yote niliyomjua hakukosa ibada isipokuwa kwa ugonjwa. Baada ya ibada nikasimama na karatasi ya mhazini mkononi, nikaeleza, na watu wakapiga makofi. Jioni ile nikaandika maneno hayo hayo katika kundi la simu. Wengi waliweka alama ya mikono iliyokunjwa kwa sala, na watatu hivi wakaomba radhi.

Huko nyuma Seigenthaler alipoletewa habari za mtu aliyemwandika, hakumpeleka mahakamani. Mtu huyo aliomba radhi, akaacha kazi yake, na yule mzee akamsihi bwana wake amrudishe kazini. Mzee huyo alifariki mwezi wa Julai 2014, akiwa na miaka 86. Wikipedia ya Kiingereza ilikataza tangu Desemba 2005 watu wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya, na baadaye ikaweka kanuni kali juu ya habari za watu walio hai. Nalisoma habari hizo zote baada ya mambo ya mtaa ule, nikitafuta, nakiri, mtu aliyefanya vibaya kuliko mimi.

Jumatatu nalikwenda nyumbani kwa mzee wetu. Nilimkuta chini ya mwembe akichambua maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, akanipa kiti, mkewe akaleta maji. Nikamweleza kwamba mambo yamekwisha, karatasi imeonyeshwa, na watu wote sasa wanajua.

Akasikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza kwa upole, bila kuinua macho katika ungo, "Baba Mchungaji, na wewe umo katika kundi lile?"

Nikasema, "Nimo, mzee."

"Tangu Ijumaa?"