Je, mutu aliyeokolewa anaweza kupoteza wokovu wake?



Kisha ibada ya juzi, kijana mumoja alinisimamisha pale kiwanja cha maombi na kuniuliza: "Baba, kama tunaokolewa kwa imani na si kwa matendo, mutu anaweza tena kupoteza wokovu wake?" Nilimujibu haraka, namna sisi wazee tumezoea kujibu vijana, kusudi niende kula. Usiku sikulala vizuri. Jibu langu lilikuwa la mutu asiyependa kuulizwa.

Wenye kusema "hapana, hauwezi kupotea" wanafungua Yoane 10:28-29, pale Yesu anapohakikisha kwamba hakuna atakayenyanganya kondoo mukononi mwake. Wenye kusema "ndiyo" wanafungua Waebrania 6:4-6, juu ya wale waliokwisha kuonja mema ya Mungu kisha wakaanguka. Nimeona wandugu wakitupiana maandiko hayo mpaka jasho, na hakuna aliyerudi nyumbani akiwa amebadilika hata kidogo. Musome yote mawili. Mimi nataka twende kwanza kwa watu walioanguka kweli.

Ulizo hili halikuletwa na wamisionere. Lilitesa kanisa katika Afrika yetu zamani sana, kule Carthage, katika inchi inayoitwa leo Tunisia. Mwaka wa 250 mufalme Decius wa Roma aliamuru watu watolee miungu sadaka, na aliyefanya hivyo alipewa karatasi ya ushuhuda. Wakristo wengi waliogopa. Wengine walitoa sadaka. Wengine hawakutoa sadaka, walitoa feza tu, wakanunua karatasi. Hao walijiona wenye akili: mbele ya serikali wamepona, na mbele ya Mungu mikono yao haikugusa ubani wa sanamu.

Mateso yalipopoa, wote walikuja kubisha mulango wa kanisa. Novatian, kule Roma, alikataa wasipokelewe tena kamwe. Cyprian, askofu wa Carthage, pamoja na maaskofu wenzake mwaka wa 251, walikata shauri lingine: mulango usifungwe, lakini toba iwe ya kweli, na wenye kutoa sadaka wangoje kuliko wenye kununua karatasi. Cyprian mwenyewe alijificha wakati wa mateso yale, na watu walimusema. Mwaka wa 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya jina la Kristo. Ninamupenda juu ya hayo yote mawili.

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 1992, wakati jimbo letu lilikuwa likiitwa Shaba, munajua yaliyotokea Likasi. Wandugu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa hapa, watoto na wajukuu wa watu walioletwa kwa kazi ya Union Minière na ya reli, walifukuzwa manyumbani. Walilala kwa maelfu pale gare ya Likasi, wakingoja treni, na wengine walikufia pale, zaidi watoto. Kule Carthage waliuliza: karatasi yako iko wapi? Kwetu waliuliza: baba yako alitoka wapi?

Mimi sikupiga mutu. Sikuchoma nyumba. Ila ndugu mumoja, fundi wa kushona, tuliyekuwa tunaomba naye, alikuja kwangu mangaribi akibeba mashini yake juu ya kichwa. Alihitaji feza ya njia. Nikataja nusu ya nusu ya bei. Alinitazama, akapokea. Nami nikajiambia: nimenunua, sikuiba. Siku ya Mungu iliyofuata niliimba pamoja na wengine, na wimbo ulikuwa mutamu kama siku zote. Hilo ndilo linaniogopesha mpaka leo.

Fungueni Matayo 18:23-35. Mutumwa aliyesamehewa talanta 10,000 alimukaba koo mwenzake juu ya dinari 100. Angalieni vizuri: deni lile lilikuwa limefutwa kweli. Bwana wake hakumudanganya, na hakuna adui aliyeingia usiku kuiba musamaha. Deni lilirudi kwa njia ya mikono yake mwenyewe, ile iliyomushika mwenzake. Hapo ninaona kwamba yale maandiko mawili hayapigani. Mukono wa Mwokozi haulegei. Lakini imani si feza unayofunga ndani ya kitambaa na kuiweka chini ya godoro. Wagalatia 5:6 inaonyesha kwamba imani inatenda kazi kwa upendo, na mutu anaweza kuiacha bila kuacha kiti chake kanisani.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu langu ni ndiyo, mutu anaweza kupotea. Wandugu wengine watanikatalia, watasema mutu wa namna ile hakuwa ameokolewa hata mbele. Labda. Lakini yule mutumwa alisamehewa, na mimi ninakumbuka siku ya ubatizo wangu.

Tena kuna Petro na Yuda. Wote wawili walimutupa Bwana usiku mumoja, na wote wawili walijuta. Yuda hata feza alirudisha. Lakini aliirudisha kwa makuhani, kisha akaenda peke yake. Petro alilia, akabaki pamoja na wandugu, na pale Bwana alimukuta.

Jambo la mashini niliungama mbele ya wazee, miaka mingi kisha. Hawakuniambia "basi, imekwisha." Waliuliza: mashini iko wapi? Nilikuwa nimekwisha kuiuza. Wakanituma nitafute mwenyewe. Niliuliza watu wa Mwene-Ditu na wa Mbuji-Mayi, na mwaka jana mutoto wake mumoja alipatikana. Naye pia anashona. Feza ya mashini, kwa bei ya leo na si ya mangaribi ile, iko kwa mwenye kutunza hazina ya kanisa. Inangoja mutu anayesafiri, na treni zetu munazijua.