Elimu ni Amana, Irejeshe kwa Wenyewe



Himidi zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mola wetu anatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Tukiisikia aya hii, wengi wetu tunafikiria fedha na mali. Leo tuitazame amana nyingine: matokeo ya utafiti. Mwanakijiji ametoa damu yake, ametoa muda wake, ameruhusu mto wake upimwe. Matokeo ni haki yake kabla hayajawa shahada yako.

Mfano uko kwetu West Nile. Sisi wa Oraba, tunaopakana na Sudan Kusini, tunaujua ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o wa kando ya mito. Kwa miaka mingi, ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, dawa ilikuwa melarsoprol, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Dawa hiyo yenyewe iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Basi mzee akimkwepa mpimaji, tusiharakishe kumwita mjinga. Huenda amezika mtu.

Mwaka 2011 watafiti walianza kujaribu Arua na Maracha vitambaa vidogo vya bluu, vyenye wavu mweusi uliotiwa dawa, vilivyosimikwa kando ya mito. Bluu humvuta mbung'o, na akiugusa wavu hufa. Katika majaribio hayo mbung'o walipungua kwa zaidi ya 90%, na baadaye vitambaa vikafika Koboko, Yumbe, Moyo na Adjumani. Lakini kitambaa hakina mdomo wa kujieleza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wakazi wa Arua ulionyesha kwamba kuvikubali kulitegemea sana kuifahamu kazi yenyewe na kuwajua wanaoifanya. Sayansi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mahusiano.

Hili si geni kwetu. Mtume (S.A.W.) aliitwa Al-Amin kabla ya kupewa utume. Siku alipopanda Safa, kwanza aliwauliza Makuraishi kama wangemsadiki akiwaambia kuna jeshi nyuma ya mlima. Wakakiri kwamba hawajapata kumjua kwa uongo. Ndipo akawafikishia ujumbe. Uaminifu ulitangulia, maneno yakafuata.

Basi wewe unayesomea udaktari, kilimo au maabara, shika mambo matatu. Kwanza, lugha. Sura Ibrahim, aya ya 4, inatufundisha kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake. Kama huwezi kueleza kazi yako kwa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi au Kiswahili, mtafute anayeweza, ukae naye mpaka aelewe. Pitia kwa mwenyekiti wa LC1, kwa imamu, na kwa akina mama wanaochota maji mtoni.

Pili, sema ukweli wote. Kipimo cha haraka cha malale kinaweza kuonyesha dalili kwa mtu asiyeumwa, ndiyo maana vipimo vingine hufuata. Mwambie hayo kabla ya kumchoma kidole, si baada ya kumtia hofu.

Tatu, rudi. Uliyemuuliza maswali akusikie ukimpa majibu, hata kama majibu ni kwamba dawa haikufaa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeutokomeza malale wa aina yetu kama tatizo la afya ya jamii. Alhamdulillah. Lakini haina maana kwamba vimelea vimekwisha. Sasa ndipo kazi ni ngumu: wagonjwa wakiwa wachache, watu watauliza kwa nini bado tunawachoma vidole na kusimika vitambaa. Wasipotuamini, wataving'oa na kukataa vipimo, na ugonjwa utapata njia ya kurudi. Atakayeumia si profesa, ni mtoto anayeoga mtoni.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, utupe ndimi za kweli, na utufanye waaminifu kwa waja Wako. Amin.

Wabillahi tawfiq.