Kumiliki Nyoyo: Jaha, Ufundi na Mapenzi katika Filamu ya Mahogany

Melodrama, yaani mchezo unaotumia muziki, machozi na mikasa mizito ili wema na uovu vionekane waziwazi, ilizaliwa Ulaya katika karne ya 18, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa ni Pygmalion ya Jean-Jacques Rousseau, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Lyon mwaka 1770. Katika mchezo huo mchongaji anaipenda sanamu ya mwanamke aliyoichonga kwa mikono yake, mpaka jiwe linapata uhai. Karne mbili baadaye, filamu ya Mahogany, iliyotolewa Marekani mwaka 1975 na kuongozwa na Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni ya muziki ya Motown, ilisimulia kisa kinachokwenda kinyume na hicho, kwa kuwa humo mwanamke aliye hai, mwenye jina lake, mtaa wake na ufundi wake, ndiye anayegeuzwa sanamu.

Mwanamke huyo ni Tracy Chambers, aliyeigizwa na Diana Ross, katibu katika duka kubwa mjini Chicago ambaye jioni husomea ubunifu wa mavazi na ambaye hamu yake kuu ni kuona nguo alizozibuni zikivaliwa. Anampenda Brian Walker, mwanaharakati wa upande wa kusini wa jiji hilo, wanakoishi Wamarekani Weusi wengi, anayewatetea wakazi wasibomolewe nyumba zao na anayegombea uongozi. Kisha anatokea Sean McAvoy, mpiga picha mashuhuri, anayemfungulia njia ya kwenda Roma na kumpa jina la Mahogany, jina la mti wa mbao nyekundu ya thamani, kwa kuwa ni desturi yake kuwaita wanamitindo wake kwa majina ya vitu visivyo na uhai. Swali ambalo filamu inaliweka mbele ya watazamaji ni kama mwanamke achague kupanda juu au achague mapenzi. Swali hilo limeulizwa vibaya, na kosa lake linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu wanawake wengi wamelazimishwa kulijibu kwa maisha yao kana kwamba ni swali la haki.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kwa ajili ya maradhi mawili ya moyo, jaha na riya. Riya ni kutenda jambo ili watu waone. Jaha aliieleza kwa maneno machache yenye kina: kama mali ilivyo kumiliki vitu, jaha ni kumiliki nyoyo. Aliyeimiliki hupata utumishi zaidi kuliko hata bwana mwenye watumwa, kwani mtumwa humtii bwana wake kwa kulazimishwa, ilhali walionaswa na jaha humtii mwenye jaha hiyo kwa hiari na kufurahia utiifu wao. Maelezo hayo, yaliyoandikwa karne nyingi kabla ya kamera kubuniwa, yanaufaa ulimwengu wa mitindo kuliko mengi yaliyoandikwa baada yake. Ule mng'ao wa picha za majarida, wenye kumfanya mtazamaji atamani kuwa mwingine asiyekuwa yeye, ni jaha iliyopata mitambo, wafanyakazi na soko.

Hata hivyo filamu inaongeza jambo ambalo maelezo ya al-Ghazali hayakuhitaji kulitaja, nalo ndilo zito zaidi katika kisa chote. Nyoyo za watazamaji zinanaswa kwa uso wa Tracy, lakini mmiliki wa nyoyo hizo si Tracy. Sean ndiye anayechagua atazame wapi, avae nini na aitwe nani, na siku Tracy anapotaka kujulikana kwa nguo alizozibuni badala ya sura aliyozaliwa nayo, Sean anauona ubunifu huo kama uasi. Ndiyo maana mwisho wake ni wa kutisha: anaendesha gari kwa kasi huku akimpiga picha Tracy aliyejaa hofu, gari linaanguka, Sean anakufa na Tracy anajeruhiwa vibaya. Mtu aliyezoea kumiliki sura ya mwenzake aliona heri kuipata hofu yake ndani ya kamera kuliko kumwacha aende zake salama.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alitofautisha kitu chenye bei na kitu chenye hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa kwa kingine cha kulingana nacho, na chenye hadhi hakina badala yake. Tofauti hiyo inaonekana dhahiri katika tukio la mnada mjini Roma, ambapo Tracy anapanda jukwaani na gauni alilolibuni mwenyewe, naye tajiri mmoja, Christian Rosetti, analinunua kwa bei inayowashangaza waliohudhuria. Baadaye tajiri huyo anamwezesha Tracy kufungua nyumba yake ya mitindo, kisha anatarajia kulipwa kwa mapenzi, mpaka anapotambua kwamba moyo wa Tracy hauko kwake. Rosetti ni muungwana kuliko Sean, na ni haki kulisema hilo. Lakini aliponunua gauni alidhani amenunua na mbunifu wake.

Hapa ndipo al-Ghazali anapofaa tena, kwa sababu hakulaani kila utafutaji wa cheo. Alikumbusha kwamba Nabii Yusuf aliomba asimamie hazina za nchi kwa sifa aliyokuwa nayo kweli, ya kuhifadhi na kujua, na kwamba kilichoharamishwa ni kutaka nafasi katika nyoyo za watu kwa sifa ya uongo. Aristotle naye, katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, aliona kwamba kuna kuipenda heshima kupita kiasi na kuna kutoijali kabisa, na kwamba kiasi cha katikati kilicho chema hakikuwa hata na jina katika lugha yake. Hamu ya Tracy ya mwanzo, ya kubuni nguo zilizo nzuri kweli na kutambuliwa kwa uzuri huo, iko hapo katikati. Kuitia kapu moja na biashara ya Sean, kana kwamba mwenye kuutaka ufundi ameutaka pia utumwa, ni dhuluma.

Na dhuluma hiyo inafanywa kwa jina la mapenzi. Brian anafundisha kwamba mafanikio hayana maana bila mpenzi wa kuyashiriki naye, neno ambalo ni kweli likiwa kwa wote wawili. Lakini naye anatafuta nyoyo, kwani kura ni nini ila nyoyo zilizohesabiwa? Hakuna anayemtaka aache jukwaa lake la kampeni ili athibitishe kwamba anapenda. Tracy ndiye anayeiacha Roma katika kilele cha mafanikio, anayerudi Chicago na kusimama katikati ya umati wa mkutano wa hadhara, na anayekubali mbele ya wote kuwa pamoja na Brian katika safari yake.

Jibu dhidi ya mwisho huo limo ndani ya filamu yenyewe. Mavazi yake yalibuniwa na Diana Ross, aliyesomea ubunifu wa mavazi katika shule ya sekondari huko Detroit, na katika maonyesho ya jukwaani yanayofanyika Roma ufundi huo unaonekana kuwa wa kweli, wenye ujasiri wa rangi na umbo usioweza kuelezwa kwa jaha peke yake. Yale Brian aliyoyapigania mitaani yalikuwa ya haki pia, na Chicago haikukosa vitambaa wala mafundi wala wanawake wa kuvaa nguo nzuri. Lakini filamu inakwisha kabla Brian hajamuuliza Tracy atashona wapi.